Panya aliyeishi zaidi si lazima awe amezeeka polepole

Swali: Assalamu alaykum Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili. Kwetu ni Langoni, Lamu. Mhadhiri wetu alitueleza utafiti wa dawa ya rapamaisini: panya walioanza kupewa wakiwa wazee waliishi zaidi, na kwa majike ongezeko lilikuwa asilimia 14. Akasema hiyo ndiyo dalili kwamba dawa ilipunguza kasi ya kuzeeka. Nikauliza, tunajuaje ni kuzeeka, isije ikawa walikufa kidogo tu? Darasa zima likacheka. Je, nilikosea? Jambo la pili: ami yangu ana daftari la punda wetu waliokufa tangu 1994, na umri wa kila mmoja. Naweza kupata humo kasi ya kuzeeka kwa punda?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Hukukosea. "Kufa kidogo tu" inachekesha masikioni, lakini ndilo swali lenyewe, na wapo maprofesa waliozeeka wakiligombania. La punda nitalirudia mwisho, maana daftari la ami yako lina kasoro moja ambayo hutaiona mpaka tuwe tumepita kwa panya.

Nilikulia Mkomani, na mwalimu wangu wa kwanza wa somo hili alikuwa muuza kahawa, ingawa mwenyewe hakujua. Alikuwa akija baada ya alasiri na dele lake juu ya makaa, ndoo ya kusuuzia, na vile vikombe vidogo visivyo na mkono, akivigonganisha kiganjani ili watu wa baraza wajue amefika. Vikombe vilivunjika kila mara. Kimoja kimemponyoka mtoto, kingine kimeachwa chini punda akakikanyaga, kingine kimegongwa ukutani katika ubishi wa mpira. Alikuwa akinunua vingi kwa pamoja na kulalamika kwa pamoja.

Sasa fikiri. Tuseme alianza na vikombe 100, na kila mwezi kimoja katika kila kumi huvunjika. Mwezi wa kwanza vinabaki 90, wa pili 81, wa tatu kama 73. Nusu yake huwa vimekwisha kati ya mwezi wa 6 na wa 7. Ukiviangalia kwa mbali utasema vinazeeka, kwa kuwa vinapungua. Lakini kikombe cha miezi sita hakina hatari kubwa kuliko cha jana. Ajali haimuulizi mtu umri. Kisha mzee akapata sinia yenye kitambaa kizito, na kuvunjika kukashuka: badala ya kimoja katika kumi kwa mwezi, ni kimoja katika ishirini. Nusu ya vikombe sasa hudumu zaidi ya miezi 13. Umri umekuwa maradufu, na kasi ya kuzeeka haikubadilika, kwa sababu tangu mwanzo haikuwepo.

Kuzeeka, kwa mtu anayehesabu vifo, maana yake ni hatari yenyewe kupanda kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo idadi ya waliokufa haitoshi, na umri waliofia hautoshi. Unataka kujua, katika kila kipindi, waliokuwa hai mwanzoni mwake walikuwa wangapi na katika hao waliokufa ni wangapi. Hilo la pili ligawe kwa la kwanza. Kisha tazama jibu linavyokwenda kipindi hadi kipindi.

Nitakupa namba za kubuni, uzifanye mwenyewe kwa kalamu. Makundi matatu ya panya, kila moja lina 1,000 walio hai wakiwa na miezi 18, na tunawatazama kila miezi mitatu. Kundi la kwanza halikupewa chochote. Hatari yake ni asilimia 5, kisha 10, kisha 20, kisha 40. Inajizidisha maradufu kila miezi mitatu, na ikifika miezi 30 wamebaki 410. Kundi la pili limepewa dawa, hatari ni nusu ya ile ya kwanza kila kipindi: 2.5, 5, 10, 20. Wamebaki 667. Kundi la tatu limepewa dawa nyingine. Linaanza palepale kwenye 5, lakini linapanda kivivu: 5, 7, 10, 14. Wamebaki 684.

Angalia hizo 667 na 684. Mtu akisimama kwenye miezi 30 na kuhesabu mikia, dawa zote mbili zimefanya kazi ile ile, na kwa tofauti ndogo hivyo hakuna atakayebisha. Kumbe ya kwanza ni sinia ya mzee wa kahawa: imepunguza hatari kwa kiwango kimoja kila umri, na mbio za uzee ni zile zile, maradufu kila miezi mitatu. Ya pili ndiyo iliyogusa mbio. Ukiendelea hadi miezi 36 utaona zinavyoachana, ila mtu mwenye haraka ya kuchapisha hafiki huko.

Hesabu hii si ngeni. Mwaka 1825, Benjamin Gompertz, Mwingereza wa hesabu za bima ya maisha, aliwasilisha mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, hoja kwamba hatari ya kufa kwa mtu mzima hupanda kwa kuzidishwa, kama deni la riba. (Huku kwetu vita vya Shela, hapo kisiwani Lamu, vilikuwa bado habari za juzijuzi.) Mwaka 1860 William Makeham akaongeza kitu kilichokosekana: sehemu ya vifo isiyojali umri, yaani vikombe vyangu. Ukichora hatari ile ya Gompertz kwa kipimo cha logi, ambacho kila hatua ni kuzidisha badala ya kujumlisha, unapata mstari ulionyooka wenye mambo mawili: umeanzia wapi na umeinuka kiasi gani. Kwa binadamu hatari hujizidisha maradufu kila miaka 8 hivi. Kwa panya wa maabara ni miezi mitatu au minne.

Mambo hayo mawili yanaweza kuachana vibaya sana, na mfano unaonikaa kichwani ni wa watu. Caleb Finch na wenzake, katika makala yao ya 1990, walilinganisha raia wa Australia wa miaka ya Vita vya Pili na Waaustralia waliofungwa na Wajapani kisiwani Java. Kambini watu walikufa kwa njaa na maradhi mara nyingi zaidi kuliko nyumbani, katika kila rika. Lakini muda wa hatari kujizidisha maradufu ulikaribiana na ule wa nyumbani. Kambi iliuinua mstari wote juu bila kuubadilisha mwinuko. Ungetazama urefu wa maisha peke yake ungesema wafungwa wale walizeeka upesi. Walionewa, walikonda, walikufa. Hesabu haisemi kwamba saa ya uzee ilikimbia.

Turudi kwa rapamaisini. Utafiti ule ulichapishwa 2009, na ulifanywa kwa utaratibu ninaouheshimu: maabara tatu kwa wakati mmoja, Maine, Michigan na Texas, kwa panya wa mbegu mchanganyiko, si wale ndugu wa damu moja wanaokufa wote kwa ugonjwa mmoja wa kurithi. Dawa ilianza panya wakiwa na siku 600. Haikupangwa hivyo. Kuichanganya dawa kwenye chakula bila kuharibika kuliwachukua muda, panya wakazeeka wanawangoja. Kuchelewa kwao kukawa ndiyo habari yenyewe.

Lakini hiyo asilimia 14 ni ya nini? Wengi hudhani ni vifo vilivyopungua. Sivyo. Ni umri ambao asilimia 90 ya panya walikuwa wamekwisha kufa: kwa majike wasiopewa dawa, karibu siku 1,100, kwa waliopewa, karibu siku 1,250. Kwa madume ongezeko lilikuwa asilimia 9. Siku 150 ni miezi mitano. Ikiwa hatari hujizidisha kila miezi mitatu hadi minne, basi kusogeza mstari mbele kwa miezi mitano ni sawa na kuishusha hatari ya kila siku chini ya nusu. Mhadhiri wako alikuwa na namba kubwa kuliko aliyoitaja, na hakuiona! Hiyo ndiyo tabia ya mstari unaopanda kwa kuzidishwa: unakata hatari kwa nusu, unapewa nyongeza ndogo ya maisha. Hata sisi, kama ingewezekana kuondoa nusu ya hatari ya kufa katika kila rika la utu uzima, tungepata miaka 8 au karibu na hapo.

Je, ni mwinuko uliobadilika au ni kiwango? Waandishi wenyewe waliacha mlango wazi: huenda dawa iliahirisha vifo vya saratani, huenda ilipunguza kasi ya kuzeeka, huenda vyote viwili. Panya wa maabara wengi hufa na saratani, hasa ya tezi za limfu, kwa hiyo dawa yoyote inayokaba uvimbe itawaongezea siku bila kulazimika kugusa macho yao, misuli yao au mifupa yao. Swali lako darasani lilikuwa hili hili. Waambie waliocheka.

Sasa nikukanye, maana naona utatoka hapa ukidhani ukipata mwinuko umepata kila kitu. Mimi nilidhani hivyo.

Nikiwa kijana nilifanya hesabu za maabara moja nisiyoitaja. Tulikuwa na panya madume 30 kila kundi, wa dawa na wa kulinganishia. Nikachora, nikaona mstari wa kundi la dawa umelala, umeinuka kwa upole kuliko ule mwingine. Nikamwandikia mkuu wangu kwamba dawa imepunguza kasi ya kuzeeka. Tukala pilau. Wiki ya pili nikaenda kwenye chumba cha panya kutafuta tarehe moja iliyofutika, nikafungua daftari la mzee aliyekuwa akisafisha vizimba. Ameandika kwa penseli, mwandiko mdogo: "kizimba 7, mkia umeng'atwa, amekufa", "kizimba 7, mgongo una vidonda", "kizimba 11, wamepigana, wawili". Wote ni vijana, wote ni wa kundi la dawa. Vizimba vyao vilikuwa na madume wasiokuzwa pamoja.

Unaona kilichotokea? Ugomvi uliinua hatari ya mwanzo. Mwanzo ukiinuka na mwisho ukabaki palepale, mstari unaounganisha hizo mbili lazima ulale. Dawa ilionekana kupunguza uzee kwa sababu kundi lake lilipoteza vijana! Ningeondoa wale wa vidonda, au ningeongeza ile sehemu ya Makeham, mistari ingekaribia kufanana. Tangu siku hiyo nikipewa mwinuko naomba kwanza vifo vya ujanani, na naomba daftari la mtu wa vizimba kabla ya kompyuta ya mtu yeyote.

Kwa panya 30 tatizo halikomei kwenye ugomvi. Namba hizo mbili, mwanzo na mwinuko, hukadiriwa kwa pamoja, na zinashikana kama pande mbili za ngalawa: ukiinua huu, ule unazama. Kosa dogo kwenye mwanzo hulipwa na kosa la kinyume kwenye mwinuko, na mchoro bado unapendeza. Ndiyo maana watu walioona "mwanzo umeshuka, mwinuko umepanda" katika kila jaribio wakadhani wamegundua kanuni ya maumbile, wakati mwingine walikuwa wanaona kivuli cha hesabu yao.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kubadilisha matunzo katikati ya safari. William Mair na wenzake, mwaka 2003, walifanya hivyo kwa nzi wadogo wa matunda 7,492. Kupunguziwa chakula huwaongezea nzi hao maisha, hilo lilijulikana. Wao wakachukua nzi walioshiba maisha yao yote, wakawapunguzia ghafla ukubwani. Ndani ya saa 48 hatari yao ilikuwa sawa na ya nzi wa rika lao waliokula kidogo muda mrefu. Siku mbili! Kama kushiba kulikuwa kumewarundikia madhara ya uzee, madhara hayo yangewezaje kupotea kwa siku mbili? Basi chakula kidogo, kwa nzi wale, kilikuwa sinia ya kahawa. Joto lilikuwa na sura nyingine: baridi ilibadilisha mwinuko, na nzi waliohamishwa waliendelea kubeba athari za joto walilotoka. Huko ndiko ningesema kasi imeguswa. Mchoro wa urefu wa maisha usingetofautisha hayo mawili hata kwa nzi milioni.

Na nzi milioni walikwisha kuhesabiwa. Nyumbani kwangu Malindi nina mwembe ambao kila msimu nusu ya maembe yake huwa na funza. Mharibifu mkubwa siku hizi ni nzi mgeni wa asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, lakini ana jamaa yake wa asili ya Afrika aliyesambaa duniani, na huyo ndiye James Carey na wenzake walimfuga huko Mexico: nzi milioni 1.2, matokeo yakatoka 1992. Hatari ilipanda kama Gompertz alivyosema, halafu kwa wazee kabisa ikaacha kupanda, hata ikashuka. Je, nzi mkongwe ameacha kuzeeka? Inawezekana. Inawezekana pia ni ungo tu. Ukipepeta mchele, kinachobaki si kwamba kimekuwa kizito, ni kwamba chepesi kimekwisha kutoka. Wanyonge hufa mapema, wakongwe waliobaki ni wale waliokuwa imara tangu siku ya kwanza, na wastani wa kundi unadanganya juu ya safari ya mmoja mmoja. James Vaupel na wenzake waliandika hesabu ya jambo hili 1979. Kwa hiyo mstari ukilala upande wa kulia wa mchoro, usishangilie.

Yuko mnyama mmoja wa kwetu ambaye ananifanya niseme kwa sauti ya chini. Ni fuko asiye na manyoya, yule wa ardhi kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia, ambaye maabarani hupita miaka 30 ilhali panya wa ukubwa wake hafiki hata minne. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walitoa kumbukumbu za zaidi ya 3,000. Baada ya kukomaa, hatari ya kila siku ilikuwa kama mmoja katika 10,000, na haikuonekana kupanda kwa miaka. Yaani kikombe cha kahawa chenye miguu. Wapo waliopinga, na hoja yao ina uzito: wengi katika hesabu ile walikuwa bado hai, au waliuawa kwa uchunguzi, au walihamishwa, na waliofika umri mkubwa hasa ni wachache. Mimi nasadiki kwamba hupanda taratibu mno. Kwamba haipandi kabisa, nitangoja.

Hapo ndipo daftari la ami yako linapoingia. Lina waliokufa peke yao. Umri wa kila mmoja upo, lakini kile tunachogawia hakipo: punda wangapi wa miaka 10 walikuwa hai mwaka ule ambao watatu wa miaka 10 walikufa? Watatu katika sita ni msiba, watatu katika sitini ni kawaida. Kama zizi lenu lilikua miaka ya karibuni, punda vijana ni wengi, basi vifo vya vijana vitakuwa vingi daftarini hata kama hakuna kilichobadilika. Pia yupo yule aliyeuzwa Matondoni au Pate akiwa na miaka 8. Huyo hakufa, lakini hadi siku ile alikuwa hai mikononi mwenu, na siku zake lazima zihesabiwe upande wa walio hai, kisha atoke bila kuandikwa kifo.

Muulize ami sababu za kifo, hata kwa neno moja moja. Punda wa Lamu anayeokota plastiki ufukweni akafungwa tumbo ni kikombe kilichokanyagwa. Aliyedhoofika, meno yameisha, hatafuni tena, huyo ni habari nyingine. Ukiwaweka safu moja utapata mstari uliolala kama wangu wa kizimba 7.

Kisha anza na walio hai leo. Nenda zizini na ami asubuhi kabla hawajabebeshwa mchanga na mawe, wafungueni midomo, mkadirie umri kwa meno ya mbele, uandike jina, umri na tarehe ukurasa wa kushoto. Kulia acha wazi.